AC ya Gari Inapotoa Hewa ya Joto: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Gesi

Jua la Januari likiwaka juu ya Mombasa Road jijini Nairobi, wenye magari huingia gereji na ombi moja: "Fundi, niongezee gesi." Mgonjwa ameshajipima na kujiandikia dawa, na fundi mwenye haraka humpa anachotaka. Gesi inaingia, hewa inapoa, pesa inalipwa. Kabla mvua za Machi hazijashika, joto limerudi na ombi ni lile lile.

Gesi ya AC ya gari haiishi kama gesi ya kupikia. Imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka, inageuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na hakuna kinachoichoma wala kuila. Mipira na oringi huvujisha kiasi kidogo sana kwa miaka, hilo ni la kawaida. Lakini gari lililojazwa Januari likawa tupu Machi lina tundu, na tundu halizibwi kwa gesi. Tena yapo magari mengi yanayotoa hewa ya joto huku gesi yake ikiwa kamili: feni imekufa, klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) haishiki, mlango mdogo ndani ya dashibodi umekwama upande wa hita. Kila hitilafu ina dalili zake, na nyingi mwenye gari anaweza kuzisoma mwenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Wapo wanaosema kwamba katika mji wenye baridi ya Julai AC ni anasa. Anayesema hivyo hajakaa na vioo vimefungwa kwenye msongamano kwa kuogopa mkono wa kunyakua simu, huku matatu iliyo mbele ikitema moshi mweusi. Na mvua za Aprili zikinyesha, ni AC inayokausha hewa na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Ni kifaa cha usalama, na kinastahili kutengenezwa kwa akili.

Kabla ya kufungua boneti

Washa injini, bonyeza AC, shusha joto hadi mwisho, weka feni kasi ya kati na uchague hewa izunguke ndani bila kuvuta ya nje. Hili laonekana dogo, lakini magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa na vitufe vya maandishi ya Kijapani, na si nadra mtu kuendesha akiwa amewasha feni peke yake. Hali ya ECO nayo hupunguza kazi ya kompresa katika magari mengi, basi izime wakati wa kupima.

Tazama taa ya kitufe cha AC. Ikiwaka na kutulia, gari limekubali amri yako. Ikipepesa kwenye Toyota, usiendelee kuibonyeza: mara nyingi kompyuta imeona kwamba kompresa haizunguki sawa na injini, ikaikata ili mkanda usikatike. Hapo tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Chukua kipimajoto cha jikoni chenye sindano, kiingize kwenye tundu la hewa la katikati, funga milango na usubiri dakika kumi. Siku ya kawaida ya Nairobi, AC nzima inapaswa kutoa hewa ya kati ya nyuzi 5 na 10 za Selsiasi. Ikibaki 15 au zaidi, kuna tatizo. Andika namba hiyo. Baada ya matengenezo utaipima tena, na hapo hutahitaji kuambiwa na mtu kwamba "sasa iko poa."

Inapoa ukienda, inapasha ukisimama

Hii ndiyo dalili ya Nairobi kuliko zote. Ukiwa juu ya Expressway hewa ni baridi safi. Unashuka, unaingia kwenye foleni ya magari, dakika chache na hewa inakuwa vuguvugu. Mafundi wengi huanza na gesi hapa, nami nasema waanze na feni.

Kondensa ni ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji. Kazi yake ni kutupa nje joto lililobebwa kutoka ndani ya gari. Ukiwa na mwendo, upepo wa barabarani unafanya kazi hiyo. Ukisimama, ni feni peke yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa hiyo feni iliyochoka hujitokeza mapema hapa.

Fungua boneti injini ikiwa inanguruma na AC imewashwa, mikono, tai na nywele zikiwa mbali. Feni inapaswa kuanza kuzunguka ndani ya muda mfupi. Gari likiwa na feni mbili, katika magari mengi zote huzunguka. Shika karatasi mbele ya grili: ikivutwa na kushikiliwa, upepo upo. Ikianguka, feni imekufa, ni dhaifu, au ilifungwa waya kinyume na inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta nyuma. Hilo la mwisho hutokea baada ya kazi ya waya ya haraka haraka. Feni isiyozunguka kabisa huenda ina fyuzi iliyoungua, rilei (swichi ndogo ya umeme) iliyochoka, au kaboni za mota zilizokwisha.

Kama feni ni nzima, piga tochi katikati ya kondensa na rejeta. Vumbi, nyuzi za magunia, wadudu na matope ya safari za shamba hujazana mahali ambapo mwosha gari hafiki. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, ukisukuma kutoka nyuma kwenda mbele pale unapoweza kufika. Mashine ya presha ya sehemu za kuosha magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi yale laini, na kondensa iliyolala mapezi haipitishi hewa tena.

Ni joto wakati wote

Sasa sikiliza. Mtu mmoja awashe na kuzima AC, mwingine asimame kando ya boneti. Kompresa yenye klachi hutoa mlio wa "tak", na sahani iliyo mbele ya puli huanza kuzunguka pamoja nayo. Kasi ya injini nayo hushuka kidogo kisha ikajirekebisha. Ukiona puli inazunguka na sahani ya mbele imesimama, klachi haijashika. Tahadhari moja: Volkswagen na Mercedes nyingi za miaka hii hazina klachi ya namna hiyo. Puli na kompresa huzunguka muda wote, na valvu ya umeme ndiyo inayoamua kazi ifanyike kiasi gani. Huko mlio wa "tak" usiutafute.

Klachi isiposhika, sababu ni za makundi mawili. Kundi la kwanza ni umeme: fyuzi, rilei, waya uliotafunwa na panya gari likiwa limeegeshwa, koili ya klachi iliyoungua, au nafasi kati ya sahani na puli kuwa kubwa kwa sababu ya kulika. Hiyo ya nafasi hutambulika kwa tabia yake: asubuhi klachi inashika vizuri, injini ikipata joto inakataa. Kundi la pili ni ulinzi: gari lenyewe limekataza. Injini ikipata joto kupita kiasi, AC hukatwa. Presha ya gesi ikishuka chini ya takriban 30 kwa kipimo cha PSI, swichi ya presha hukata. Ikipanda kupita kama 450, hukata pia.

Hapa naomba usikilize kwa makini. Kuna mtindo wa kuunganisha waya mbili za swichi hiyo ili klachi ishike kwa nguvu, na mteja huonyeshwa kompresa ikizunguka kana kwamba imepona. Ndani ya mfumo huu mafuta ya kompresa husafirishwa na gesi. Gesi ikiwa haba, mafuta hayarudi, na kompresa inajisaga kavu. Swichi ilikuwa inaokoa kompresa. Ukimwona fundi anaunganisha hizo waya na kuiacha kompresa izunguke, mwambie azime.

Kompresa inazunguka lakini hewa ni ya joto

Hapa ndipo geji zinapohitajika, zote mbili, ya presha ya chini na ya presha ya juu. Fundi mwenye geji moja ya kwenye kopo anasoma nusu ya habari.

Kwanza jua jambo ambalo limewapotosha wengi. Injini ikiwa imezimwa, geji zote mbili husoma presha sawa, na presha hiyo inaonyesha joto la gesi, haionyeshi wingi wake. Kwa R134a, gesi ya magari mengi barabarani kwetu, nyuzi 25 hutoa karibu PSI 80 hadi 85 maadamu ndani kumebaki kimiminika, hata kama ni tone. Mfumo uliojaa na mfumo wa nusu husoma namba ile ile. Anayekuambia "gesi imejaa" kwa kutazama geji injini imezimwa anapiga ramli. Geji ikisoma chini sana ya hapo, ndiyo, kuna upungufu mkubwa.

Injini ikizunguka, siku ya nyuzi 25 hivi, upande wa chini hukaa kati ya PSI 25 na 40, na wa juu kati ya 150 na 225. Pande zote zikiwa chini, gesi ni haba na kuna tundu la kutafutwa. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au kondensa haipati upepo, au kuna hewa ya kawaida iliyoingia wakati wa kujaza ovyo. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, yaani namba zinakaribiana, kompresa imechoka, haisukumi. Upande wa chini ukizama hadi sufuri au chini yake, njia imeziba, mara nyingi kwenye valvu ya upanuzi (kitundu chembamba kinachopitisha gesi kwenda kupoza hewa ya ndani) au kwenye draya, kikopo kinachonyonya unyevu.

Zingatia hiyo ya gesi kuzidi, kwa maana ndiyo matokeo ya "niongezee tu." Kondensa ikijaa kimiminika hakuna nafasi ya mvuke kupoa, presha inapanda na hewa ndani inakuwa ya joto. Magari mengi madogo hubeba chini ya nusu kilo ya gesi, hivyo gramu 100 za ziada ni nyingi. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa gramu au kilo. Gesi hupimwa kwa mizani. Kugusa bomba na kusema limepoa si kipimo.

Kutafuta tundu

Mafuta hutoka pamoja na gesi, kwa hiyo tundu hujichora: doa la unyevu wa mafuta lililoshika vumbi. Tazama viungo vya mabomba, uso wa kondensa unaopigwa na kokoto, sehemu ya mbele ya kompresa karibu na klachi, na valvu mbili za kujazia. Valvu hizo husahaulika. Vifuniko vyake vya L (presha ya chini) na H (presha ya juu) huzuia mvujo, na kwenye magari mengi vimepotea zamani. Paka povu la sabuni juu yake. Likitoa viputo umepata tundu la bei rahisi kuliko yote.

Usipoona kitu, fundi ajaze naitrojeni na kupaka povu, au aweke rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau kisha uendeshe siku kadhaa. Rangi ikionekana kwenye maji yanayodondoka chini ya gari kutoka kwenye bomba la evaporeta (rejeta ndogo ya ndani inayopoza hewa), tundu liko ndani ya dashibodi, na hiyo ni kazi ya siku nzima au zaidi. Usikubali kamwe oksijeni ya mchomeleaji itumike kupima. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka.

Baada ya kuziba, draya hubadilishwa, kwa sababu chembe zake za kunyonya unyevu zimeshakutana na hewa. Kisha pampu huvuta hewa yote kwa nusu saa au zaidi, na geji huachwa ikitazamwa kama sindano itarudi. Maelekezo ya mtandaoni husema sindano ifike karibu inchi 30 za zebaki. Hiyo ni namba ya usawa wa bahari. Kwa kimo cha Nairobi, mwisho wa safari ni inchi 24 hivi, na pampu inayofika hapo imemaliza kazi yake. Nimesikia pampu nzuri zikihukumiwa kuwa mbovu kwa sababu ya tofauti hii, na nimesikia pia watu wakitumia kimo kama kisingizio cha sindano iliyoishia 18.

Na gesi ya zamani isiachiliwe hewani. R134a hushika joto la dunia mara 1,430 kuliko uzito uo huo wa kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza huko Kigali mwaka 2016. Gereji yenye mashine ya kuinyonya na kuihifadhi inastahili kuchaguliwa kwa hilo pekee. Ikimbie ile inayotaka kukujazia gesi ya mtungi wa jikoni kwa kuwa ni ya bei nafuu na inapoza. Inapoza kweli. Pia inawaka, na evaporeta inayovuja iko mbele ya magoti yako.

Inaanza baridi, baadaye inapasha

Kuna magonjwa mawili hapa, na tofauti iko kwenye upepo. Ikiwa upepo unadhoofika kadiri safari inavyoendelea, kisha unarudi baada ya kuzima AC dakika kumi na maji mengi yakadondoka chini, evaporeta imeganda barafu. Tazama kwanza chujio la hewa ya ndani, ambalo kwenye magari mengi ya Kijapani liko nyuma ya sanduku la dashibodi. Miezi ya Septemba hadi Novemba, mijakaranda ikipukutisha maua, takataka hujaa chini ya kioo cha mbele na kufuata njia ya hewa. Chujio likiwa safi, shuku kihisi cha joto cha evaporeta, ambacho kimeshindwa kuizima kompresa kwa wakati.

Ikiwa upepo uko palepale kwa nguvu lakini baridi inapotea na kurudi, kuna maji ndani ya mfumo. Tone linaganda kwenye kitundu cha valvu ya upanuzi, gesi inazuiliwa, barafu inayeyuka, inapita tena. Ni alama ya mtu aliyejaza gesi bila kuvuta hewa.

Upande mmoja baridi, mwingine joto

Kwenye gari lenye vidhibiti viwili vya joto, mota ndogo inayosukuma mlango wa hewa imeharibika, na mara nyingi utasikia "tiki tiki tiki" nyuma ya dashibodi. Gesi haba pia huweza kuleta hali hiyo, basi geji zisirukwe. Kwenye gari lenye kidhibiti kimoja, jaribio zuri ni hili: injini ikiwa imepoa, bana kwa kibano laini bomba la mpira linalopeleka maji moto kwenye hita, kisha washa na upime. Hewa ikipoa, AC yako haina kosa. Ni hita inayoipiga vita, na tatizo ni mlango uliokwama au kebo iliyochomoka.

Aqua, Prius, Vezel na ndugu zao

Kompresa ya haibridi, gari la petroli na umeme kwa pamoja, huzungushwa na umeme wa betri kubwa, wenye volti zaidi ya 100. Waya za rangi ya chungwa usiziguse, na usimruhusu aziguse fundi asiyejua kuukata umeme huo kwanza. Mafuta yake pia ni ya aina yake, ya esta; kwenye kompresa za Denso ni ND-11. Mafuta ya PAG ya magari ya kawaida hupunguza uwezo wa kuzuia umeme usivuje, na gari linaweza kuwasha taa za hitilafu na kukataa kuwaka. Makopo mengi ya gesi huuzwa yakiwa yamechanganywa na mafuta ya PAG. Soma kopo kabla halijafunguliwa, na uliza geji na mipira ya fundi ilitumika mwisho kwenye gari gani.

Kompresa ikiwa imekufa kweli

Wengi hununua ya mtumba Kirinyaga Road au Industrial Area, na si vibaya ukijua kuchagua. Chukua ile ambayo matundu yake yamefungwa vizibo. Iliyokaa wazi imenyonya unyevu wa hewa. Zungusha kitovu kwa mkono: kiende kwa ulaini, kikisukuma kidogo kwa zamu, bila kukwaruza. Inamisha umwage mafuta kidogo juu ya karatasi nyeupe. Mafuta meusi au yenye kumeta kama fedha yarudishe dukani pamoja na kompresa yake. Hesabu mifereji ya puli na ulinganishe soketi ya waya na ya zamani.

Kisha dai kuona mafuta yaliyotoka kwenye kompresa yako ya kwanza. Yakiwa na unga wa chuma, unga huo umeshasambaa. Mabomba yaoshwe, draya na valvu ya upanuzi zibadilishwe, na kondensa ibadilishwe pia, kwa kuwa vijia vyake ni vyembamba mno kusafishika. Fundi akikataa hatua hizo ili kupunguza bei, usimpe kompresa mpya aifunge.